Herufi VVT-i juu ya moteri: zinafanya kazi gani, na kwa nini zinataka mafuta safi

Ukifungua kapo ya RAV4, ya Ist ama ya Probox, zile gari zinazotufikia zikiwa zimekwisha kutumika kule Japani, mara nyingi utaona juu ya moteri maandishi haya: VVT-i. Kwenye Honda utasoma VTEC. Mitsubishi wanaandika MIVEC, na BMW wanaita ya kwao VANOS. Watu wengi wanazipita hizo herufi kama pambo. Wengine wanaziogopa. Utasikia mtu akisema: «Ile moteri haiko ya barabara za huku kwetu.»

Je, ni kweli? Jibu lina bei yake. Tuchukue mfano ambao kila mekanisie ataufahamu. Familia, ama kikundi cha AVEC, wameweka akiba miaka mitatu wakanunua gari ya kubeba abiria na mizigo. Mwaka wa kwanza inatembea vizuri. Mwaka wa pili inaanza kupoteza nguvu kwenye mlima, ralanti inatetemeka, asubuhi moteri inalia kwa sekunde mbili kama kopo lenye misumari, na inakunywa esanse kuliko zamani. Mtu anawaambia: «Moteri imekufa, tafuteni ingine.» Moteri nzima, kuileta toka Bukavu ama Kalemie mpaka Kasongo ama Kabambare, ni pesa ambayo kikundi hakina. Kumbe mara nyingine ugonjwa uko kwenye kachujio kadogo kuliko kidole, kalikoziba kwa mafuta machafu.

Ndiyo maana leo tunaeleza hii kazi ya supape zinazobadilisha wakati wake. Shofere, mekanisie na mwenye gari, wote watatu inawahusu.

Supape ni mlango, na mlango una saa yake

Moteri ya esanse inafanya kazi kwa hatua nne. Pistoni inashuka na kuvuta hewa na esanse. Inapanda na kuvibana. Bujii inatoa cheche, moto unasukuma pistoni chini, na hapo ndipo nguvu inapopatikana. Halafu pistoni inapanda tena na kusukuma moshi nje. Kuvuta, kubana, kuwaka, kutoa.

Juu ya kila silinda, ndani ya kulasi, kuna milango: supape za kuingiza na supape za kutoa. Zinasukumwa na chuma kirefu chenye vinundu, ambacho mamekanisie wetu wanakiita arbakame. Arbakame inazungushwa na sheni ama mkanda unaotoka chini, kwenye vilbreke. Vilbreke ikizunguka mara mbili, arbakame inazunguka mara moja. Kwa hiyo moteri ikienda mizunguko 3.000 kwa dakika, kila supape inafunguka na kufunga mara 1.500 kwa dakika, ndiyo mara 25 kwa sekunde moja. Huwezi hata kupepesa jicho.

Wamama wanaotwanga wawili kwenye kinu kimoja wanajua jambo hili kuliko mainjinia. Mchi wa mmoja unaposhuka, wa mwenzake unapanda. Wakitwanga pole pole, kila mtu anangoja mwenzake atoke kabisa ndipo aingie. Wakiongeza mwendo, hakuna tena nafasi ya kungoja: mmoja anaanza kushuka wakati mwenzake bado anatoka. Wakikosana hata kidogo, michi inagongana.

Ndani ya silinda ni hivyo hivyo. Moteri ikienda pole pole, ni vizuri mlango wa kutoa ufungwe karibu kabisa ndipo ule wa kuingiza ufunguke. Milango yote miwili ikikaa wazi pamoja muda mrefu kwenye ralanti, moshi unarudi ndani, unachanganyika na hewa mpya, na moteri inatetemeka. Lakini moteri ikienda mbio, hewa nayo inapata mwendo wake kama maji ya mto, haisimami ghafula. Hapo ni faida kufungua mlango wa kuingiza mapema, wakati moshi wa mwisho bado unatoka, ili silinda ijae vizuri.

Shida ni kwamba vinundu vya arbakame vimechongwa katika chuma. Saa ya kufungua ni moja tu, tangu moteri inazaliwa mpaka inakufa. Kwa hiyo kwa miaka mingi fundi aliyechora moteri alilazimika kuchagua: ama iwe tulivu pole pole na kuchoka ikikimbia, ama iwe na nguvu ikikimbia na kusumbua ikiwa kwenye ralanti. Wengi walichagua katikati, yaani hakuna mahali ilipofanya vizuri kabisa.

Wazo hili lilianza kwenye treni

Watu wanadhani jambo hili limeanza na Wajapani. Hapana. Njia ya reli inayotoka Kindu na kupita Kibombo na Samba kwenda Kongolo ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20, ili watu na mizigo wapite pembeni ya sehemu za Lualaba ambazo mashua haziwezi kupita. Wakati ule treni zilivutwa kwa mvuke, na mvuke nao una mlango wa kuingia kwenye silinda.

Mwaka 1844 Mbelgiji mmoja, Egide Walschaerts, fundi wa reli, alibuni mpango wa vyuma ambao ulimwezesha dereva wa treni kubadilisha muda wa ule mlango kwa kusogeza mkono mmoja wa chuma. Wakati wa kuondoka na mzigo mzito, aliacha mvuke uingie sehemu kubwa ya safari ya pistoni. Treni ikishapata mwendo, alivuta ule mkono ili mlango ufungwe mapema, na mvuke uliokwisha kuingia ukajipanua wenyewe na kusukuma pistoni mpaka mwisho. Maji na kuni ama makaa yalipungua, na treni haikupoteza mwendo. Mpango wa Walschaerts ulienea duniani kote, na katika karne ya 20 ndio uliotumika kwenye treni nyingi za mvuke.

Kwa magari, kazi ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu mwendo wa moteri ni mkubwa sana. Alfa Romeo wa Italia walitangulia mwaka 1980 kwenye gari yao ya Spider. Mwaka 1989 Honda walileta VTEC kwenye Integra: moteri ya lita 1,6 iliyotoa nguvu za farasi 160 bila turbo. Wao waliweka vinundu vya aina mbili kwenye arbakame moja, vifupi kwa mwendo wa pole na virefu kwa mbio, na mafuta ya moteri yakasukuma kipini cha kuhama toka kimoja kwenda kingine. Toyota walianza na VVT mwaka 1991, halafu mwaka 1995 wakaleta VVT-i, ile ambayo leo iko karibu katika kila Toyota ndogo ya esanse tunayoiona. Mwaka 2001 BMW walifika mbali zaidi na Valvetronic, ambayo inabadilisha hata urefu wa kufunguka kwa supape.

VVT-i inafanyaje kazi

Hapa hakuna uchawi. Gurudumu la meno linalozungusha arbakame ya kuingiza halikufungwa moja kwa moja na arbakame. Ndani yake kuna vyumba vidogo, na katika kila chumba kuna ubawa wa chuma uliofungwa kwenye arbakame. Mafuta ya moteri yakiingia upande mmoja wa ubawa, arbakame inasogea mbele kidogo na supape zinafunguka mapema. Yakiingia upande wa pili, inarudi nyuma na supape zinachelewa. Gurudumu linazunguka kama kawaida, lakini arbakame imegeuka kidogo ndani yake. Ni kama kofia unayoigeuza kichwani huku unatembea.

Nani anaamua mafuta yaende upande gani? Kompyuta ya moteri. Inasoma mwendo wa vilbreke, mahali arbakame ilipo, joto la maji, na namna shofere anavyokanyaga. Halafu inatuma umeme kwenye elektrovani, bomba dogo lenye sindano ndani yake, ambalo linafungua njia moja ya mafuta na kufunga ingine. Yote hayo mara nyingi kwa sekunde.

Ukizima moteri, presha ya mafuta inaanguka. Hapo kipini kidogo kinafunga ubawa mahali pa kuchelewa, ili asubuhi moteri iwake vizuri. Kipini kikilegea, ama mafuta yakichelewa kufika, ubawa unagonga huku na huku: ndiyo ile sauti ya kopo lenye misumari, inayopotea baada ya sekunde moja ama mbili.

Faida yake ni nini kwa mtu wa Kasongo? Moteri ndogo inapata nguvu kwenye mwendo wa chini, pale unapopanda kilima chenye matope. Ralanti inatulia. Na kila lita ya esanse inafanya kazi zaidi kidogo. Huku ambako esanse inauzwa kwenye chupa na bidoni kwa Kadafi wa barabarani, hiyo faida inaonekana mfukoni.

Kwa nini mafuta ndiyo maisha yake

Sasa umeona jambo kubwa: katika moteri ya zamani, mafuta kazi yake ni kulainisha, kupoza na kusafisha. Katika moteri ya VVT-i, mafuta yamepewa kazi ya pili. Ni mkono unaosogeza arbakame. Mkono huo ukiwa mchafu ama mzito, kazi inaharibika hata kama vyuma vyote ni vizima. Kwenye Toyota nyingi, kabla ya elektrovani kuna kachujio ka waya mwembamba sana. Tope jeusi la mafuta ya zamani ndilo linalokaziba.

Kosa la kwanza ni aina ya mafuta. Kwetu, mafuta yanayopatikana kirahisi mara nyingi ni yale mazito ya malori na moteri za mazuti. Mtu anaona mazito ndiyo mazuri kwa sababu ya joto. Lakini yakiwa mazito sana yanachelewa kufika kwenye vyumba vya VVT-i, hasa asubuhi. Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho: kwa Toyota nyingi ndogo za esanse ni 5W-30, na vitabu vingine vinaruhusu 10W-30 ama zaidi kwa nchi za joto. Ukinunua bidoni, angalia kifuniko kama kilikwisha kufunguliwa. Mafuta yaliyotumika, yakachujwa kwa kitambaa na kurudishwa kwenye bidoni safi, bado ni mafuta yaliyotumika.

Kosa la pili ni hesabu ya vidanje. Utasikia: «Nabadilisha kila kilometre 5.000, kama kitabu kinavyosema.» Vizuri. Lakini tufanye hesabu pamoja. Kwenye barabara ya lami, kwa mwendo wa kilometre 50 kwa saa, kilometre 5.000 ni masaa 100 ya moteri. Kwenye njia zetu za matope, madaraja ya miti na mashimo, gari inatembea kilometre 15 kwa saa, mara nyingi kwa vitesi vya kwanza na vya pili. Hapo kilometre 5.000 zile zile ni masaa zaidi ya 330. Mafuta yamefanya kazi mara tatu, kwa joto na vumbi, lakini kontere inaonyesha namba ile ile.

Wenye groupe ya umeme wanalijua jambo hili. Groupe haina kilometre. Groupe nyingi ndogo za esanse, kitabu chake kinataka mafuta yabadilishwe kila masaa 100. Hakuna anayesema groupe haijatembea kwa hiyo mafuta bado ni mapya. Gari inayofanya kazi Wamaza, Salamabila ama Kipaka, ihesabiwe kama groupe. Andika kwenye daftari masaa ya kila siku. Kama unaona ni kazi nyingi, basi usingoje kilometre 5.000, fanya vidanje kwenye 2.000, na filtri ibadilishwe pamoja na mafuta. Angalia kipimo cha mafuta kila asubuhi kabla ya kuwasha, kwa sababu mafuta yakipungua, VVT-i ni kati ya vitu vya kwanza kulia.

Kupima bila mashine

Taa ya moteri ikiwaka kwenye dashibodi, mwenye skaneri ataona namba. P0010 inazungumzia waya ama umeme wa elektrovani. P0011 inasema arbakame ya kuingiza imekaa mbele kuliko ilivyoamriwa, P0012 inasema imekaa nyuma. P0016 inasema arbakame na vilbreke havipatani, na hapo fikiria pia sheni iliyolegea ama iliyoruka jino. Kuna skaneri ndogo zinazoongea na telefone kwa Bluetooth. Kikundi cha mamekanisie wakichanga, moja inaweza kutosha garaji kadhaa.

Lakini hata bila skaneri kuna njia, na inajulikana kwa mafundi wa Toyota. Moteri iwe imepata joto, iwe kwenye ralanti. Chomoa waya wa elektrovani. Moteri nzima itaendelea kutulia, kwa sababu bila umeme arbakame inakaa mahali pake pa kuchelewa. Kisha upe elektrovani umeme wa batri, volti 12, kwa sekunde chache tu, ukiangalia nyaya mbili zisigusane. Arbakame itaruka mbele, na moteri inapaswa kutetemeka vibaya ama kuzimika kabisa.

Ikitetemeka ama ikizimika, usiogope: hiyo ni habari nzuri. Maana yake mafuta yanapita, elektrovani inasogea, ubawa unageuka. Tafuta ugonjwa kwingine: bujii, filtri ya hewa, esanse yenye maji. Isipobadilika hata kidogo, basi elektrovani imekwama, kachujio kameziba, presha ya mafuta ni ndogo, ama gurudumu lenyewe limeshikana. Zima moteri, toa elektrovani, ioshe na esanse safi mbali na moto, uipe tena volti 12 ukiangalia kama sindano inasogea. Ukiwa na multimetre, kwenye Toyota nyingi za aina hii inapaswa kuonyesha kama ohm 7 hadi 8 ikiwa baridi. Toa kachujio, ukaoshe, ukarudishe. Usikatupe ukafunga bila kenyewe, maana uchafu wote utaingia kwenye elektrovani.

Kazi hii ni ya nusu siku na funguo za kawaida. Ifanywe kabla mtu hajatamka neno «moteri ingine».

Jambo moja la hatari: sauti ya asubuhi ikiendelea dakika nzima na haipotei, usilazimishe safari. Inaweza kuwa sheni. Katika moteri nyingi, sheni ikiruka, pistoni zinagonga supape kama ile michi miwili ndani ya kinu. Hapo ndipo moteri inakufa kweli.

Je, ninunue ama nisinunue?

Tuseme ukweli: si kila chombo kinahitaji VVT-i. Moto nyingi zinazobeba watu kati ya Kasongo na Kabambare zina silinda moja na supape mbili zenye saa moja tu, na zinafanya kazi. Ugonjwa wao mkubwa ni nafasi ya supape isiyorekebishwa. Land Cruiser ndefu za mahospitali na mashirika, nyingi zina moteri ya mazuti 1HZ, silinda sita na lita 4,2. Haina VVT, na pompe yake ya mazuti ni ya vyuma bila kompyuta. Ndiyo maana inavumilia. Lakini ni nzito, ni ghali, na si kila familia itaweza kuinunua.

Kwa anayetafuta gari ndogo ya esanse, kukimbia VVT-i leo ni kukimbia karibu kila gari. Cha kufanya ni kuinunua kwa macho wazi. Nenda kuiona asubuhi, ikiwa baridi, muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Sikiliza sekunde tano za kwanza. Fungua kifuniko cha mafuta juu ya kulasi, uangalie chini yake kwa taa ya telefone: rangi ya asali ama kahawia safi ni sawa, tope jeusi linalonata kama lami, hiyo gari ilinyimwa vidanje, na wewe ndiye utakayelipa. Omba pia kufanya lile jaribio la volti 12. Muuzaji akikataa, amekwisha kujibu.

Kwa hiyo, yule anayesema VVT-i haiko ya barabara za huku kwetu, ana nusu ya ukweli. Barabara zetu hazigusi supape. Zinagusa mafuta: zinayapika kwa masaa mengi kwenye kilometre chache. Mwenye gari anayehesabu masaa, akanunua mafuta yanayofaa, na akamwambia mekanisie aangalie kachujio kabla ya kufungua moteri, atatembea nayo miaka. Na ile akiba ya kikundi itabaki kwa kazi yake: karo ya watoto, dawa, na mbegu za msimu unaokuja.